Sekunde Ishirini na Sita za Nimitz Hill

Ndugu Mwenyekiti, wakufunzi wenzangu, vijana mnaosomea urubani na uongozaji wa ndege, wahudumu wa ndege, na wageni wote mliojumuika nasi: nashukuru kwa heshima mliyonipa ya kuzungumza mbele yenu. Niliombwa nizungumzie usalama wa kutua usiku, na nilipoanza kuandaa maneno yangu niliona kwamba nikiyasema mambo haya kwa jumla mtayaandika kwenye madaftari na kuyasahau mara tu mtihani utakapopita. Kwa hiyo nitawaingiza katika chumba kimoja cha marubani, usiku mmoja, nami nitakaa humo nanyi kwa muda mrefu kuliko ilivyo desturi ya hotuba.

Usiku wa kuamkia tarehe 6 Agosti 1997, ndege ya Korean Air nambari 801, aina ya Boeing 747-300, ilikuwa ikitoka uwanja wa Kimpo mjini Seoul kwenda Guam, kisiwa cha bahari ya Pasifiki kilicho chini ya Marekani. Ndani yake walikuwamo watu 254. Kati yao abiria walikuwa 237, wengi wakienda mapumzikoni, familia zenye watoto na maharusi wapya wakiwemo. Wahudumu walikuwa 14, na katika chumba cha marubani walikaa watatu: rubani mkuu mwenye umri wa miaka 42 na saa zipatazo 8,900 angani, rubani msaidizi, na mhandisi wa ndege, kwa maana 747 za aina hiyo zilikuwa bado na kiti cha mtu wa kuangalia injini na mitambo.

Rubani mkuu huyo hakuwa mzembe. Miezi michache kabla alikuwa ametunukiwa na shirika lake kwa jinsi alivyokabili dharura ya injini angani. Ninalitanguliza jambo hili kwa makusudi, kwa sababu kila ninapofundisha ajali hii huwaona wanafunzi wakimtafuta haraka mtu dhaifu wa kubebeshwa lawama, ili wakishampata wapumue na kujiambia kwamba wao si kama yeye. Nawasihi msipumue mapema hivyo.

Ndege inapotua kwa kutegemea vyombo, uwanja huipa mihimili miwili ya redio. Mmoja huonyesha mstari wa katikati ya njia ya kutua, ili rubani asipotee kushoto wala kulia. Wa pili huonyesha mteremko, ili ajue kama yuko juu mno au chini mno. Guam, huo wa pili ulikuwa umezimwa tangu tarehe 7 Julai, na haukutarajiwa kurudi hadi tarehe 12 Septemba. Marubani walikuwa wameletewa taarifa hiyo kwa maandishi kabla ya kuruka. Na saa 7:39 usiku, mwongoza ndege alipowapa ruhusa ya kushuka kuelekea njia ya 6 Kushoto, aliwaambia tena kwa redio, kwa maneno ya wazi, kwamba mhimili wa mteremko hautumiki.

Bila mhimili huo, ndege ilipaswa kushuka kwa mtindo wa ngazi. Unafika umbali fulani, unashuka hadi kimo fulani, unatulia hapo, unasubiri umbali mwingine, ndipo unashuka tena. Ngazi za Guam zilikuwa hivi: usishuke chini ya futi 2,000 kabla ya kufika alama fulani, kisha usishuke chini ya futi 1,440 mpaka uwe umepita juu ya kituo cha redio, ukishakipita ndipo ruhusa ya kushuka hadi futi 560 inapofunguka, na hapo tena husogei chini mpaka njia ya kutua uione kwa macho yako.

Sasa naomba mnisikilize kwa makini, kwa maana jambo hili ndilo kiini cha ramani ile. Kituo cha redio cha Guam hakikuwa uwanjani. Kilikuwa juu ya mlima uitwao Nimitz Hill, maili 3.3 za baharini kabla ya kuifikia njia ya kutua, na chombo cha kupimia umbali kilikuwa hapo hapo mlimani. Rubani anayekuja aliona tarakimu za umbali zikipungua, tatu, mbili, moja, sifuri, na sifuri hiyo ilikuwa juu ya mlima. Kisha zilianza kuongezeka, moja, mbili, tatu, na tatu hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa karibu na uwanja. Lakini katika viwanja vingi chombo hicho hukaa uwanjani kwenyewe, na sifuri humaanisha umefika. Katika mashine za mazoezi marubani wa shirika lile walikuwa wamefunzwa ushukaji wa namna hii kwa kurudia ule ule wa Kimpo, ambako umbali huhesabiwa kutoka uwanjani. Mtu aliyechoka, usiku wa manane, mkono wake ukienda kwa mazoea, huisoma tarakimu na asijiulize inahesabiwa kutoka wapi.

Na rubani mkuu alikuwa amechoka kweli. Kinasa sauti kilimsikia akisema, kama dakika ishirini kabla ya mwisho, kwamba ana usingizi. Alikuwa pia ametarajia kuiona njia ya kutua mapema, kwa sababu hali ya hewa ya uwanjani haikuwa mbaya, na maelezo aliyowapa wenzake kabla ya kushuka yaliegemea kwenye kuona kuliko kwenye vyombo. Hakuzipitia nao ngazi zile moja baada ya nyingine kama inavyotakiwa. Kumbe kati yao na uwanja, juu ya mlima ule ule, kulikuwa na wingu la mvua.

Wakaanza kuuzungumzia mhimili wa mteremko. Mhandisi aliuliza kama unafanya kazi. Rubani mkuu akajibu kwamba unafanya kazi. Sauti nyingine ikahoji kwa nini ufanye kazi. Rubani msaidizi akasema hautumiki. Na zikiwa zimebaki sekunde kama arobaini tu, rubani mkuu bado alikuwa akiuliza kama mhimili ule haufanyi kazi. Huenda mshale wa chombo ulikuwa ukitikiswa na mawimbi ya redio yasiyotoka kwenye mtambo huo. Wachunguzi waliliona hilo kuwa jambo linalowezekana. Mimi nimeyasoma mazungumzo hayo mara nyingi, na kinachoniuma ni kwamba swali lenyewe lilikuwa na majibu mawili yanayopingana ndani ya chumba kimoja, na hakuna aliyesimamisha kushuka ili jibu moja likubaliwe na wote watatu. Ndege ilipita futi 2,000 ikaendelea. Ikapita futi 1,440 kabla ya mlima, haikutulia. Kimo kilichokuwa kimewekwa tayari ni futi 560, na mahali ilipogonga pana mwinuko wa futi zipatazo 660 juu ya usawa wa bahari.

Vifuta mvua vilikuwa vimewashwa. Kupitia kioo cha mbele haukuonekana mwanga wowote wa uwanja.

Saa 7:42 kamili, chombo cha tahadhari ya ardhi kilitamka kwa sauti yake ya kimashine: mia tano. Maana yake ni kwamba ardhi iko futi 500 chini ya tumbo la ndege. Kufikia wakati huo zilikuwa zimebaki sekunde 26. Mhandisi aliguta kwa mshangao, sauti moja fupi tu, kama mtu aliyesikia jambo asilolitegemea. Hakuongeza neno. Kazi ya kushuka ikaendelea, orodha ya ukaguzi kabla ya kutua ikasomwa. Zikapita sekunde kumi na nne, na chombo kikatangaza kimo cha mwisho kinachoruhusiwa. Baada ya hapo kikaonya juu ya kasi ya kushuka, na rubani msaidizi akajibu kwamba kasi iko sawa. Mhandisi akataja futi mia mbili. Ndipo, zikiwa zimebaki takriban sekunde saba, rubani msaidizi akasema waache kutua na wapae tena. Mhandisi akasema haionekani. Rubani msaidizi akarudia: haionekani, tupae. Mhandisi akasisitiza. Zikiwa zimebaki sekunde kama tatu, rubani mkuu akatamka kwamba wapae. Chombo kikaendelea kuhesabu mia moja, hamsini, arobaini, thelathini, ishirini.

Watu 228 walipoteza maisha. Waliookolewa ni 26, abiria 23 na wahudumu 3, wote wakiwa na majeraha makubwa.

Sitapita haraka kwenye mlima ule, kwa sababu wahudumu na waokoaji wamo humu ukumbini na ajali haikuishia pale ndege ilipogonga. Ndege ilikata bomba la mafuta lililopita kando ya barabara nyembamba ya kupandia mlimani, na bomba hilo likaziba njia, hata magari ya zimamoto yakashindwa kufika karibu. Waokoaji waliingia kwa miguu gizani, kwenye matope na majani marefu yenye makali, wakifuata mwanga wa moto na sauti za waliokuwa wakiita. Mwongoza ndege hakutambua mara moja kwamba ndege imeanguka, na ilipita zaidi ya nusu saa kabla msaada wa kwanza haujafika. Gavana wa Guam, Carl Gutierrez, alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kufika, na alishiriki kuwatoa watu kwa mikono yake. Wako waliokuwa hai baada ya mgongano na wakauawa na moto. Nawaomba wahudumu mlijue hilo: kuna sehemu ya kazi yenu inayoanza pale ambapo kazi ya marubani imekwisha, na mara nyingi mtaianza peke yenu.

Kulikuwa na jicho jingine lililopaswa kuiona ndege ile. Kwenye rada za Marekani kuna mfumo unaolinganisha kimo cha ndege na ardhi iliyo mbele yake, na ndege ikishuka chini ya kimo salama humpigia mwongoza ndege kengele ili amwonye rubani. Guam mfumo huo ulikuwepo. Lakini ulikuwa ukipiga kengele nyingi zisizo na sababu, na ili kuziondoa, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani, FAA, ilikuwa imeuzuia usifanye kazi ndani ya maili 54 za uwanja. Ulibaki macho kwenye ukanda wa maili moja tu, kati ya 54 na 55, kule baharini ambako hakuna mlima. Majaribio yaliyofanywa baada ya ajali yalionyesha kwamba kama usingezuiwa, kengele ingelia zaidi ya dakika moja kabla ya ndege kugonga. Dakika moja, ndugu zangu. Katika ndege inayoshuka, hiyo ni nafasi ya kunyanyua pua, kuongeza nguvu ya injini, kukunja magurudumu na bado ukabakiwa na muda wa kuwaomba radhi abiria kwa mtikisiko.

Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, NTSB, ilieleza chanzo kwa utaratibu huu: rubani mkuu hakuwaandaa wenzake ipasavyo wala hakuufuata ushukaji ule ipasavyo, na wenzake wawili hawakumfuatilia na kumsahihisha kama walivyopaswa. Ikaongeza uchovu wa rubani mkuu, upungufu wa mafunzo ya shirika, na hatua ya FAA ya kuuzuia mfumo wa kengele na kutousimamia vizuri. Mtaona kwamba hukumu ile haikumwacha mtu yeyote nje, kuanzia aliyeshika usukani hadi ofisi iliyoko maelfu ya maili mbali.

Baada ya ajali hii yalisemwa mengi kuhusu utamaduni wa Korea, kwamba mdogo hawezi kumkosoa mkubwa, na kwamba hilo ndilo lililowaua watu wale. Mimi sikubaliani na namna jambo hili linavyosimuliwa. Heshima iliyozidi kiasi ilikuwa na mchango, na shirika lenyewe baadaye lilibadili sana mafunzo yake. Lakini kulifanya kuwa ugonjwa wa taifa moja ni kujifariji, kama mtu anayefunga dirisha moja katika nyumba yenye madirisha kumi.

Tazameni usiku wa tarehe 29 Desemba 1972, karibu na Miami. Ndege ya Eastern Air Lines nambari 401 ilikuwa ikikaribia kutua, taa ndogo ya kuonyesha kwamba gurudumu la mbele limefunguka haikuwaka, na marubani Wamarekani, wenye uzoefu, wakaelekea pembeni kwa kimo cha futi 2,000 na kuzama wote katika taa hiyo. Rubani wa kujiendesha, yaani mtambo unaoiongoza ndege wenyewe, akalegea bila wao kujua, na ndege ikaanza kushuka polepole juu ya kinamasi kisicho na mwanga hata mmoja. Mwongoza ndege aliona kwenye rada yake kimo cha futi 900. Aliwaita. Na alichowauliza ni kama mambo yanaendeleaje huko. Wakamjibu kwamba wanataka kugeuka na kurudi, akawaruhusu. Neno kimo halikutamkwa. Muda mfupi baadaye ndege ilianguka, na watu 101 wakafa kwa sababu ya safari iliyoharibika kutokana na balbu.

Mambo yanaendeleaje huko? Sisi tunaokitumia Kiswahili kila siku tunaijua sana lugha hiyo. Tumelelewa katika utamu wa fumbo, na tunasema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Sebuleni, mezani, katika ushairi, hilo ni pambo na ni adabu. Mtu mzima hapigwi na ukweli usoni. Huzungushiwa, akajielewa mwenyewe. Lakini fumbo linahitaji mtu aliyetulia wa kulifumbua, na rubani anayeshuka gizani akipigana na usingizi, mvua na mshale unaoyumba hana nafasi hiyo. Mguto wa mhandisi pale Nimitz Hill ulikuwa fumbo. Swali la mwongoza ndege wa Miami lilikuwa fumbo. Kila mmoja alikuwa ameliona jambo lenyewe, na kila mmoja alimwachia mwenzake alimalizie.

Niruhusuni nikiri jambo. Nilipokuwa bado kijana katika kiti cha kulia, kiti cha rubani msaidizi, usiku mmoja wa mvua, tulikuwa tukishuka kwa ngazi kama zile, na niliona kipimo cha kimo kikiipita namba tuliyokubaliana kusimama. Rubani mkuu wangu alikuwa mtu niliyempenda na kumcha, aliyenifundisha mengi. Nakumbuka kifuta mvua kikienda na kurudi kwenye kioo, na nakumbuka mkono wangu ukiwa juu ya goti, kidole kikiwa kimenyooka kuelekea kwenye kipimo bila kukigusa. Nilimsubiri aone. Kichwani mwangu ulikuwa ukipita msemo niliokua nao, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilihesabu moja, mbili, tatu, nne, tano, na kwenye tano aliona mwenyewe, akainyanyua pua ya ndege kidogo, tukaendelea na kutua. Hakuna aliyejua. Abiria walishuka wakatuaga kwa tabasamu. Nilipokuja kusoma taarifa ya Guam miaka kadhaa baadaye, nilizitambua sekunde zile tano. Zilikuwa zangu.

Sasa turudi kwenye giza lenyewe, maana lina hila zake ambazo ujasiri wa kusema pekee hauzimalizi. Katika miaka ya 1965 na 1966 ndege kadhaa mpya za Boeing 727 zilianguka zikikaribia kutua gizani, na ndipo mwanasaikolojia wa Boeing, Conrad Kraft, akalichunguza jicho la rubani. Alitengeneza mfano wa mji wenye taa usiku, ukiwa umepanda kwenye mteremko nyuma ya uwanja, na mbele ya uwanja akaacha weusi mtupu, kama bahari au pori. Akawaweka marubani wakufunzi wenye uzoefu mkubwa wajaribu kushuka kwa macho tu. Karibu wote walishuka chini mno, na walikuwa na hakika kwamba wako sawa. Pasipokuwa na kitu cha kuonekana kati yako na taa, ubongo hukuambia uko juu, nawe unashuka ili kusahihisha kosa ambalo halipo.

Sikio nalo hudanganya. Rubani anayeghairi kutua na kuongeza nguvu ya injini kwa ghafla husukumwa nyuma kitini, na gizani mwili huutafsiri msukumo huo kama pua ya ndege inayopanda kupita kiasi. Mkono hutaka kuisukuma pua chini. Hilo lilijitokeza katika uchunguzi wa ajali ya Gulf Air nambari 072 iliyoanguka baharini Bahrain tarehe 23 Agosti 2000 na kuua watu wote 143, na katika ule wa ndege ya Flydubai nambari 981 kule Rostov-on-Don tarehe 19 Machi 2016, ambapo walikufa wote 62. Ndege zote mbili zilikuwa zimeghairi kutua, usiku. Kwa hiyo nikiwahimiza kupaa tena, sisemi kwamba ni jambo jepesi. Ni zoezi linalotaka macho yabaki kwenye vyombo na kurudiwa mpaka mkono uache kuusikiliza mwili.

Tangu enzi hizo mengi yamebadilika, na nitayapitia kwa ufupi tu kwa kuwa mnayasoma darasani. Mhandisi Mkanada Don Bateman ndiye aliyeongoza utengenezaji wa chombo cha tahadhari ya ardhi. Kile cha mwanzo kilitazama chini tu, kwa hiyo mlima uliosimama mbele kilikuwa kikiuona kwa kuchelewa. Pale Cali, Kolombia, tarehe 20 Desemba 1995, kiliwaonya marubani wa American Airlines nambari 965 zikiwa zimebaki sekunde kama kumi na mbili. Walipandisha ndege kwa nguvu zote, lakini vibao vya kupunguza mwendo juu ya mabawa vilikuwa bado vimefunguliwa, na kati ya watu 163 wakanusurika wanne. Chombo kilichofuata kimebeba ramani ya milima ya dunia na hutazama mbele. Ndege ya Guam ilikuwa na kile cha zamani. Na mtindo wa ngazi umeachwa kwa sehemu kubwa. Siku hizi hata pasipo mhimili wa mteremko tunahesabu mteremko mmoja, tunaushuka bila kusimama, na tukifika kimo cha mwisho bila kuona njia, tunapaa.

Hata hivyo tabia ya binadamu haibadiliki kwa kasi ya mitambo. Uchunguzi wa Flight Safety Foundation, taasisi ya usalama wa anga, ulionyesha kwamba kati ya ushukaji wote usio thabiti, ule ambao kanuni ya kila shirika inataka ughairiwe, ni asilimia 3 tu unaoghairiwa. Asilimia 97 huendelea hadi chini. Kwa kawaida ndege hutua salama, na hapo ndipo tatizo lilipo, kwa sababu kila inapotua salama mtu hujifunza kwamba kimya chake hakikuwa na madhara, kama nilivyojifunza mimi usiku ule wa mvua.

Jioni ya leo tutaingia kwenye mashine ya mazoezi, wawili wawili. Nimeupanga uwanja wenye kituo cha redio mlimani, mhimili wa mteremko umezimwa, mvua iko juu ya mlima na uwanja wenyewe uko wazi. Kiti cha kushoto nitakikalia mimi. Nitaandaa ushukaji vibaya, nitajibu maswali kwa hakika nisiyokuwa nayo, na mahali fulani nitakipita kimo cha futi 1,440 bila kusema lolote. Atakayekaa kulia anatakiwa kutaja kimo, kutaja kosa, na kuniambia nipae. Nisipopaa, achukue usukani. Aniite kapteni au asiniite, hilo halitahesabiwa. Mwongoza ndege atakayekuwa kwenye redio naye atapewa rada yenye kimo changu, na hataruhusiwa kuuliza mambo yanaendeleaje. Mkufunzi mwenzangu atasimama nyuma yetu na saa ya kuhesabia sekunde, akiianzisha pale chombo kitakapotamka mia tano. Kundi la kwanza tukutane saa 11 jioni.